Shahada ya urubani au leseni moja kwa moja? Hesabu ya familia ya magharibi mwa Kenya

Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakitoka, wazazi huniuliza swali lile lile kwa sauti tofauti. Nafundisha fizikia hapa Kisumu, na somo hilo likitajwa popote penye neno "rubani", watu humtafuta mwalimu wake. "Mwalimu, huyu kijana anataka urubani. Tumpeleke chuo kikuu au tumpeleke Wilson, kwenye vyuo vya urubani?" Mama mara nyingi anataka shahada, kwa kuwa shahada haimponyoki mtu. Mjomba anayeishi Nairobi anasema miaka minne ni mingi, pesa ziende kwenye saa za kuruka. Mtoto naye ameona kwenye simu vyuo vikuu vya Marekani ambako mwanafunzi humaliza akiwa na digrii na leseni kwa pamoja, na tangu hapo hasikii lingine.

Nitazilinganisha njia hizi kama ninavyozilinganisha nikiwa nimeketi na wazazi. Lakini kwanza jambo moja, maana bila hilo mazungumzo hupotea njia: hapa Kenya sheria haimdai rubani shahada. Anayempa mtu haki ya kurusha ndege kwa malipo ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, nayo huangalia umri, afya, mitihani ya nadharia, saa za kuruka zilizoandikwa kwenye logibuku (daftari la safari za rubani) na kuthibitishwa, na jaribio la angani mbele ya mtahini. Digrii haimo katika orodha hiyo. Kwa hiyo maswali ni mawili, na kila moja lina bei yake: mtoto atapataje leseni, na je, anahitaji pia shahada, na kwa kazi gani?

Leseni inadai nini

Kanuni za Kenya zimejengwa juu ya viwango vya ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga. Hatua ya kwanza ni PPL, leseni ya rubani binafsi: umri usiopungua miaka 17 na saa zipatazo 40 za kuruka. Akiwa nayo anaweza kumpeleka dada yake kuona Ziwa Viktoria kutoka juu, lakini hawezi kulipwa hata shilingi moja kwa kazi hiyo.

Leseni ya kazi ni CPL. Umri ni miaka 18, na saa ni 200, au 150 kwa anayesoma mfululizo katika mtaala mmoja ulioidhinishwa tangu mwanzo hadi mwisho. Katika zile 200, saa 100 lazima awe yeye ndiye rubani mwenye mamlaka ya ndege. Lazima pia afanye safari moja isiyopungua kilomita 540 na katikati atue kabisa katika viwanja viwili tofauti. Wanafunzi wangu hupenda kusikia kwamba kutoka Nairobi hadi Kisumu na kurudi, kwa mstari wa ndege, ni karibu umbali huo huo. Ndipo wanapoelewa kwamba hizi saa si za kuzunguka juu ya uwanja mmoja.

CPL peke yake haimtoshi anayetaka kazi ya shirika la ndege. Juu yake huongezwa kibali cha kuruka kwa kutegemea ala, yaani bila kuona nje, ambacho kina saa zake 40 za ala, pamoja na kibali cha injini mbili. Mzazi akitajiwa bei ya "CPL", aulize papo hapo kama vibali hivi viwili vimo ndani yake. Mara nyingi havimo, na injini mbili ni ghali kwa saa kuliko injini moja.

Ya juu kabisa ni ATPL, ya kapteni wa ndege kubwa za abiria: miaka 21 na saa 1,500. Hakuna anayetoka nayo shuleni, kwa sababu saa hizo hupatikana kazini. Shikilia nambari hii, nitairudia nikifika Marekani.

Na kabla ya yote hayo, daktari. Rubani wa kazi anahitaji cheti cha afya cha daraja la kwanza kutoka kwa daktari aliyeidhinishwa na KCAA, nacho kwa kijana hudumu miezi 12 kisha hupimwa upya. Macho, masikio, moyo, damu, historia ya kifafa, vyote huangaliwa. Miwani haimzuii mtu ikiwa inamrekebishia uwezo wa kuona hadi kiwango kinachotakiwa. Kutotofautisha rangi kunaweza kumzuia. Kwetu kando ya ziwa, ambako siko seli (ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu) iko katika nyumba nyingi, mweleze daktari historia ya familia tangu siku ya kwanza. Kubeba chembe moja ya urithi si sawa na kuwa mgonjwa, na ni yeye wa kuamua, si jirani.

Ningependa kila familia ilipie uchunguzi huu kabla ya kulipa ada popote. Gharama yake haifikii hata kidogo bei ya saa chache za ndege, na ndio peke yake unaoweza kukuambia mapema kwamba njia imefungwa.

Wilson moja kwa moja

Vyuo vingi vya urubani nchini viko Uwanja wa Wilson, Nairobi. Uzuri wa njia hii ni kwamba kila shilingi inaelekea kwenye leseni. Kijana mwenye bidii, hali ya hewa ikimruhusu na pesa zikiwepo, anaweza kufika CPL katika muda unaozidi kidogo mwaka mmoja hadi miaka miwili. Anajifunza katika anga yenye shughuli nyingi, anazoea kuongea na mnara wa kuongozea ndege, anajua sauti za watu watakaomwajiri. Wilson ndipo ndege ndogo za kwenda Mara, Lodwar na Lokichoggio zinapoanzia, na kazi ya kwanza ya rubani mchanga mara nyingi iko huko, wala si kwenye ndege kubwa ya Jomo Kenyatta.

Ubaya wake ni pesa, na hasa namna zinavyotakiwa. Fanya hesabu ya mfano tu: tuseme saa moja ya ndege ya injini moja pamoja na mkufunzi ni shilingi 20,000. Saa 200 ni milioni 4, kabla ya injini mbili, mitihani, daktari, vitabu, sare, na kabla ya chumba Nairobi West, South C au Lang'ata. Ulizia bei halisi ya siku hiyo, uiweke mahali pa nambari yangu, kisha ongeza. Wachache sana humaliza kwa saa za chini kabisa zilizoandikwa kwenye kanuni. Ziada ya saa kumi au ishirini ni jambo la kawaida wala si aibu ya mwanafunzi.

Hapa ndipo ninapoona familia zetu zikiumia, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo. Familia inauza kipande cha shamba, inaongeza mkopo wa sacco na mchango wa ukoo, inapata nusu ya pesa. Inaanza, ikitumaini nusu ya pili itakuja. Kijana anapata PPL, picha zinapigwa, kijiji kinafurahi. Kisha pesa zinaisha akiwa na saa sabini au themanini. Anarudi nyumbani kusubiri. Miezi inapita na mikono inasahau. Kutua kwa ndege ni ujuzi wa mazoea, hautunzwi kwa kusoma. Cheti cha afya kinaisha. Matokeo ya mitihani ya nadharia nayo yana muda wake. Akirudi, saa za kwanza anazolipia ni za kujifunza upya alichokwisha kulipia. Nusu ya pesa ikitumiwa hivi haileti nusu ya rubani. Inaleta PPL ambayo haiwezi kumwajiri mtu, na deni.

Kwa hiyo njia ya Wilson moja kwa moja ninaipendekeza kwa moyo wote kwa familia ambayo pesa zote, pamoja na ziada, zimo mkononi au zina chanzo cha uhakika kila mwezi. Kwa familia nyingine naomba isubiri.

Na ukilipa, lipa kwa vipande. Uliza idhini ya chuo kutoka KCAA iko hai au la, ndege ngapi zinaruka leo na si ngapi zimepakwa rangi kwenye brosha, wanafunzi wangapi wanagawana kila ndege, na wakufunzi ni wangapi. Ndege mbili zikiwa karakana, mwanafunzi anakaa kwenye benchi akilipa kodi ya nyumba Nairobi.

Shahada iliyo na kuruka ndani yake: Marekani

Embry-Riddle, yenye kampasi Daytona Beach huko Florida na Prescott huko Arizona, na Chuo Kikuu cha North Dakota kule Grand Forks, ni majina ambayo watoto hunitajia. Ni vyuo imara. Mwanafunzi husoma hali ya hewa, mifumo ya ndege, usalama na usimamizi, huku akiruka katika ndege za chuo chenyewe. Ukisoma ushauri unaotoka huko, utaambiwa kwa msisitizo kwamba shahada ya urubani ni njia ya haraka ya kufika shirika la ndege. Ni kweli, kwa Mmarekani.

Sababu yake ni ya kisheria. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air, safari namba 3407, ilianguka karibu na Buffalo, jimbo la New York, na watu 50 wakafa. Bunge la Marekani likatunga sheria mwaka uliofuata, na kuanzia 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria alitakiwa kuwa na leseni ya ngazi ya ATPL na saa 1,500. Aliyehitimu shahada ya urubani katika chuo kilichoidhinishwa alipunguziwa hadi saa 1,000. Mwenye diploma ya miaka miwili, 1,250. Saa 500 ni nyingi. Ni miezi mingi ya kufundisha wengine. Hapo shahada inanunua muda, na muda katika kazi hii ni pesa na cheo. (Inasikitisha kukumbuka kwamba marubani wote wawili wa ile ndege ya Buffalo walikuwa tayari wamepita saa 1,500.)

Sasa mlete kijana wa Kakamega katika picha hiyo. Kwetu, rubani msaidizi anaweza kuanza na CPL, kibali cha ala, injini mbili na mafunzo ya aina ya ndege husika. Hangoji saa 1,500 ili aketi kiti cha kulia. Punguzo lile la saa 500 halina mahali pa kushika hapa. Akibaki Marekani ili alitumie, visa ya mwanafunzi wa shahada kwa kawaida humpa miezi 12 ya kufanya kazi baada ya kuhitimu. Akiwa amemaliza na saa 250, anahitaji 750 zaidi ndani ya mwaka huo, kisha apate mwajiri aliye tayari kumchukua asiye na haki ya kudumu ya kufanya kazi. Wapo wanaofaulu. Lakini usiuze shamba ukitegemea hilo.

Bei nayo ni kubwa mno. Embry-Riddle ada ya masomo peke yake imepita dola 40,000 kwa mwaka, na saa za ndege hulipiwa juu yake. Akirudi nyumbani, leseni ya Marekani haigeuki ya Kenya yenyewe. Kuna uhakiki, kuna mtihani, kuna daktari wa hapa. Na hata huko kwao mambo yanabadilika: shirika la ndege la Delta, ambalo kwa miaka mingi lilidai shahada, liliacha kuidai mapema mwaka 2022.

Mwenye ufadhili kamili, au mwenye mzazi anayeishi kule kihalali, aende bila kusita. Ni elimu nzuri sana. Kwa wengine wote, njia hii ni ghali kuliko zote ninazolinganisha hapa, na faida yake kuu imebaki upande ule wa bahari.

Jihadhari na jina la kozi

Hapa nyumbani, kozi yenye neno "anga" si lazima iwe na ndege. Shahada ya uhandisi wa anga ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, au uhandisi wa ndege wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, humtoa mhandisi. Usimamizi wa usafiri wa anga humtoa meneja. Ni kazi za heshima, na baadhi ya wanafunzi wangu zingewafaa kuliko urubani wenyewe, lakini mtoto asifike mwaka wa tatu ndipo agundue kwamba hatagusa usukani. Chuo chochote kikikutangazia shahada ya urubani, omba jibu la maandishi: saa ngapi za kuruka zimo ndani ya ada, zinarushwa na chuo gani chenye idhini ya KCAA, na mwanafunzi anahitimu na leseni gani mkononi. Jibu likiwa "leseni hulipiwa kando", basi hiyo ni shahada ya kawaida, na uilinganishe na zile za hapa chini.

Shahada karibu na nyumbani, kuruka baadaye

Njia hii haina mvuto kwenye simu. Mtoto aliyepata C+ na zaidi anaitwa kupitia KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo, anasoma Maseno, Masinde Muliro, Egerton, Moi au Jaramogi Oginga Odinga, anapata mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, analala karibu na kwao. Anasoma fizikia, hisabati, uhandisi, kompyuta, au hata biashara. Kisha anafanya kazi, anaweka akiba, na anaanza kuruka akiwa na miaka 24 au 25.

Hasara zake nazijua. HELB humfuata mwanafunzi chuoni. Usitarajie imlipie saa za ndege Wilson, na baadaye inataka kurudishwa wakati ule ule kijana anapojaribu kuweka akiba ya kuruka. Miaka inapita, na wenzake walioanza mapema wanamtangulia kwenye orodha ya vyeo, ambayo katika mashirika ya ndege huhesabiwa kwa tarehe ya kuajiriwa. Na maisha huingilia: ndoa, mdogo wa kusomesha, mzazi mgonjwa. Wapo wanaosema watarudi kwenye ndege na hawarudi.

Lakini pima upande wa pili. Cheti cha afya kinaweza kupotea akiwa na miaka 30 kwa sababu ya ugonjwa ambao haumzuii kuishi vizuri wala kufanya kazi nyingine. Mwaka 2020 Korona ilipofunga anga, marubani duniani kote waliachishwa kazi kwa wingi, na aliyekuwa na leseni peke yake hakuwa na pa kushika. CPL ni ujuzi mmoja mwembamba. Haiajiri mtu benki wala shuleni. Katika familia ambayo mtoto mmoja ndiye tegemeo la wadogo wanne, woga wa mama una msingi kabisa, na mjomba wa Nairobi anafaa kuusikiliza.

Kuna faida nyingine isiyosemwa sana: mwanafunzi wa miaka 24 anayelipa pesa zake mwenyewe hufika darasani akiwa amesoma. Nadharia ya CPL ina sheria za anga, hali ya hewa, safari na ramani, utendaji wa ndege, mwili wa binadamu angani. Aliyekwisha kusoma fizikia ya chuo kikuu haogopi kueleza kwa nini ndege inayopaa Eldoret, karibu futi 7,000 juu ya bahari, inahitaji barabara ya kurukia iliyo ndefu kuliko ikipaa Kisumu. Hasomi kwa kukariri, na anayefaulu mara ya kwanza haongezi gharama.

Njia za pembeni

Soroti iko karibu nasi kuliko watu wengi wanavyofikiri: Malaba, Tororo, Mbale, kisha umefika. Chuo cha urubani kilianzishwa pale mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, na kwa familia ya Busia au Bungoma kinastahili safari moja ya kwenda kuuliza bei na hali ya ndege. Leseni yake itakuwa ya Uganda, kwa hiyo ulizia KCAA mapema kuhusu kuibadilisha. Addis Ababa, chuo cha Ethiopian Airlines nacho hupokea wageni. Chuo cha urubani cha Port Alfred, Afrika Kusini, kimefundisha Wakenya kwa miaka.

Jeshi ni mlango mwingine, na uko Nakuru: makadeti wa Jeshi la Ulinzi hufundishwa Lanet, na wachache kati yao huchaguliwa kuwa marubani wa Jeshi la Anga. Huko serikali ndiyo inayolipia mafuta. Lakini unaingia kwanza kuwa afisa wa jeshi, na huwezi kujihakikishia kwamba utapewa ndege. Asiyependa jeshi asilitumie kama njia ya mkato. Mafunzo ya mashirika ya ndege, yale yanayomchukua kijana asiye na saa hata moja, hutangazwa mara chache na ushindani wake ni mkali. Omba kila yanapotangazwa, ila usisimamishe maisha ukiyangoja. Na kwa wazazi wa mabinti wanaoniuliza kwa sauti ya chini kama haya yote yanawahusu: Irene Koki Mutungi aliingia Kenya Airways kama rubani katika miaka ya 1990, akaja kuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa kapteni wa Boeing 787. Binti asiache fizikia.

Ningechagua hivi

Kama pesa zote zipo na daktari amepitisha, Wilson au Soroti mara moja, na shahada isomwe baadaye kwa masafa, wakati rubani mchanga anangoja saa zake zikue. Mpangilio huo unafanya kazi vizuri, kwa sababu baada ya CPL kuna kipindi kirefu cha kutafuta kazi ya kwanza au kufundisha wanafunzi, na kipindi hicho kikipita bure kinavunja moyo.

Kama pesa ni nusu, chuo kikuu cha karibu kwa HELB, kozi ambayo ina ajira bila ndege, na ile nusu iwekwe mahali inapozaa. Ikiwezekana, mtoto apate cheti cha afya na saa moja tu ya majaribio angani, ajue kama tumbo na moyo vinakubali kabla ya kupanga miaka kumi.

Kama hakuna pesa kabisa, shahada na jeshi viombwe kwa pamoja, na asiambiwe kwamba ndoto imekufa. Miaka 26 si uzee katika kazi ambayo ICAO inamruhusu mtu kurusha ndege za abiria akiwa na rubani mwenzake hadi 65.

Ijumaa saa nane mchana huwa niko maabara ya fizikia. Mzazi aje na mtoto, waje na karatasi ya bei kutoka vyuo viwili tofauti, na tuanze na mistari iliyoachwa wazi: injini mbili, ala, mitihani ya kurudia, kodi ya nyumba.